Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kile kitabu cha mauaji na mawakili

Asalaam alaykum. Tangu niweke picha ya hichi kitabu kwenye stetasi simu haitulii, na maswali ni yale yale, mwengine kaniuliza saa nane za usiku "kipo bado?" Kipo. Leo baada ya laasiri nimekaa nimeyaandika yote na majibu yake, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Kitabu chenyewe ni kipi?

Kinaitwa Thus Was Adonis Murdered, kaandika Sarah Caudwell, kimetoka mara ya kwanza Uingereza mwaka 1981. Riwaya ya mauaji lakini ya kuchekesha, na karibu watu wote wanaosema sana mule ndani ni mawakili. Adonis ni yule kijana mzuri wa hadithi za Wagiriki wa kale, kwa hivo jina lishakwambia kwamba atakaekufa ana sura. Sijakuharibia kitu, hilo liko kwenye kava.

Nambie kinahusu nini ila mwisho usinambie

Kuna wakili anaitwa Julia Larwood, kazi yake sheria za kodi, anazijua mpaka nukta, na huyo huyo kasahau kulipa kodi yake mwenyewe miaka minne. Yaani mtu unampelekea mafaili yako akutetee kwa watu wa kodi na yeye kwao ndo anatafutwa. Wanambana, anachoka, anaamua kwenda Venice likizo na msafara wa watalii wapenda sanaa. Julia ni mtu wa kumwaga kila anachoshika, akishika glasi we sogeza kanzu. Kwenye msafara kuna kijana mzuri, Julia kamkodolea macho, af inakuja kujulikana kijana anafanya kazi huko huko idara ya kodi. Af kijana anakutwa kauliwa, na hatua chache kutoka kwenye maiti kuna nakala ya Finance Act ya mwaka ule, ya Julia mwenyewe. Polisi wa Italia unategemea wafanye nini.

Wenzake wako London. Habari ya kukamatwa ishafika ila barua za Julia zinakuja nyuma, moja moja kwa posta, kaziandika wakati bado anafurahia likizo, kwa hivo wanakaa kwenye baa yao ya mvinyo wanasoma kwa sauti jinsi anavomsifia kijana ambae wao wanajua keshakufa. Hapo ndo utamu ulipo, mie barua ya pili tu nlishasahau maji ya chai jikoni.

Anaefumbua ni Hilary Tamar, mwalimu wa historia ya sheria Oxford, anaejiona ana akili kuliko wote na bili ya mezani siku zote anaona bora alipe mwengine.

Finance Act ndo kitu gani?

Sheria ya Fedha. Hata sie Zanzibar tunayo, kila mwaka ikishasomwa bajeti Baraza la Wawakilishi linapitisha ya kwake. Inasema kodi ipi imepanda ipi imeshuka, kifungu fulani kifutwe kiwekwe hichi. Sasa fikiria mtu anakwenda likizo na hiyo ndo ya kusoma pwani. Kwa Julia ni kawaida kabisa, na ndo iliyomtia matatani. Idara yenyewe wakati ule ikiitwa Inland Revenue, siku hizi haipo kwa jina hilo, 2005 iliunganishwa na ya forodha. We soma tu kama ZRA, watu wa kodi wa hapa kwetu, ila ya wenzetu.

Kurasa zote zipo?

Zipo, nimezihesabu mara mbili, na ukija nazihesabu tena mbele yako. Msinione nna wasiwasi, nna sababu. Zamani nlimuuzia mzee mmoja, karani mstaafu wa mahakama, riwaya ya mauaji ya mtumba, nzuri, kava haina hata mkunjo, na sikuifungua nyuma. Jumamosi asubuhi nimo kupanga meza namuona anakuja na fimbo yake polepole, kakishika kitabu kifuani, shikamoo yangu hakuitika. Akakiweka mezani akakifungua mwisho, yule mpelelezi keshawakusanya watu wote sebuleni, kanyoosha kidole, "muuaji ni", af unaona uzi na gundi. Kurasa za mwisho zote zimechomoka. Mzee akanambia, "Mwanangu, miaka thalathini nimeandika hukumu, sijawahi kumpeleka mtu nyumbani bila hukumu." Pesa hakutaka, alitaka jina. Ikabidi nitafute nakala nyengine, miezi mitatu, na kila nikipita kibarazani pake ananyanyua vidole vitatu, viwili, kimoja, sikujua anahesabu nini na nkaona bora nisiulize.

Basi tokea siku ile kitabu cha mauaji kwangu hakipandi mezani mpaka nione ukurasa wa mwisho.

Hali yake ikoje? Usinifiche

Kava laini, kona ya chini kulia imekunjika, kuna duara la kikombe cha kahawa juu ya herufi za jina. Kimetoka kwenye rafu ya nyumba ya wageni huko Jambiani, si mnajua watalii wanasoma wakimaliza wanaacha, mzigo wa kurudi mzito. Ukikifungua katikati mchanga unadondoka, nimekikung'uta siku ya kwanza, ya pili, mpaka leo haujesha. Karatasi zimeshakua rangi ya chai ya maziwa, madoadoa kidogo ya unyevu, hiyo ni hewa ya chumvi, kitabu kikikaa kisiwani mwaka mmoja kinazeeka mitano.

Harufu ipo, ya ukungu, si kali. Kuna mtu kanambia nikifukize udi. Usifukize kitabu jamani, mafuta ya udi yanaganda kwenye karatasi na ukungu unabaki pale pale, utakua umepata ukungu unaonukia. Kisimamishe kivulini penye upepo, kurasa zimefunguka kama feni, siku mbili tatu. Juani usiweke, gundi ya mgongoni inakauka inakatika, ndo yale ya mzee wangu.

Na jambo moja la kukiri. Alokuwa nacho mwanzo kaandika kwa penseli pembeni, karibu na nusu ya kitabu, jina la anaemdhani muuaji, kapigia mistari miwili chini, na alama ya mshangao. Kakosea. Sijafuta na sifuti, napenda kumfikiria alivofika mwisho.

Huyo Hilary ni mwanamme au mwanamke?

Hili ndo naulizwa kuliko bei, hasa na waliokisoma kwangu pale pale mezani kidogo kidogo bila kununua (nakuoneni). Jibu: hakisemi. Na si hichi tu, mwandishi kaandika vitabu vinne, Hilary ndo anaesimulia, na hakuna pahala popote paliposema ni wa kike au wa kiume.

Kwa Kiingereza hiyo ni kazi ya kutoa jasho. Kiingereza ukimtaja mtu mara mbili tu lazima uchague, he au she, huna pa kujificha. Sasa mwandishi kafanyaje, kamwacha Hilary aseme mwenyewe, mimi mimi mimi, na wenzake wakimwita wanamwita jina au wanamwambia wewe, na jina Hilary huko wanapewa wote. Ukisoma na hili kichwani unaona anavopita baina ya sentensi kama mtu anaevuka uchochoro wenye madimbwi.

Sasa sikilizeni. Mie nlimsimulia hadithi yote bibi mmoja jirani yangu, kwa Kiswahili, yeye anakuna nazi, mbuzi inalia chini, nami nimekaa kizingitini. Hilary akaja, akasema, akanywa, akagundua. Mwanzo mpaka mwisho, nazi tatu. Nlipomaliza nkamuuliza, bibi, huyo Hilary mwanamme au mwanamke? Akasema mwanamme. Nkamuuliza kajuaje. "We si ndo umesema?" Sikusema, wallahi, na wala sikuficha, Kiswahili chenyewe kimenifichia. Ile kazi mwandishi alohangaika nayo vitabu vinne, sie herufi moja tu, a, na mambo yamekwisha.

Ndo mtu anakurupuka, basi kukitafsiri rahisi! Hapana yakhe. Mie nimejaribu kurasa kumi kwenye daftari na nimekwama, tena si pale mnapodhani. Kilichonikwamisha ni adabu. Julia na Selena, wakili mwenzake, na wenzao ni vijana, Hilary mkubwa wao, mwalimu wa Oxford, halafu wanamwita "Hilary" hivi hivi. Nani Unguja hii anamwita mkubwa wake jina kavu? Utie Bwana, umeshasema. Utie Bi, umeshasema. Mzee, Mjomba, Shangazi, Kaka, Dada, zote zinamvua nguo mtu wa watu. Hata Maalim msikilizaji wa hapa anaona kanzu na kofia. Nilochopata baada ya kuhangaika ni Mwalimu, hilo halina upande, na shikamoo nayo haina upande, sifa zote kwa Mola. Na jina ningemwita Riziki au Bahati, nawajua kina Riziki wa kiume na wa kike mtaa mmoja. Mwalimu Riziki, inakaa.

Lakini hadithi ikihamia huku nzima nzima, imekwisha. Mwalimu Riziki akialikwa maulidi ataingilia mlango gani? Akifika khitmani atakaa huku au kule? Venice unaweza kumficha mtu, Mkunazini huwezi, kabla hajavua viatu keshajulikana.

Na mie naona nani? Nilivosoma mara ya kwanza nkasema huyu mwanamme, kwa anavojisifu. Mara ya pili nkasema mwanamke, kwa sababu ile ile.

Mbona mawakili wengi hivo na hakuna kesi mahakamani?

Kwa sababu si mawakili wa jinai, na ndo kichekesho chenyewe. Uingereza wakili wako mafungu mawili. Kuna solicitor, huyo ndo anaekaa na mteja, anaandaa karatasi, na kuna barrister, anaevaa joho na lile wigi akasimama mbele ya jaji. Barrister lazima awe wa moja ya zile Inns nne za London, yaani vyama vya mawakili vya tokea zamani, Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple na Middle Temple. Wanapanga vyumba vya ofisi pamoja lakini kila mtu anajitegemea kwa pesa yake, na wanakua na karani anaewaletea kazi na kupanga malipo, na kwenye hichi kitabu karani anaitwa Henry na wote wanamuogopa kuliko jaji. Mtu haogopi korti lakini anajifanya hajamuona Henry, nani hajawahi kufanya kazi na karani wa namna hiyo.

Sasa hawa wa kitabuni wako Lincoln's Inn na kazi zao ni mirathi, kodi, na mali za amana, yaani mtu kaweka mali mikononi mwa watu waisimamie kwa faida ya wengine, ukifikiria wakfu umekaribia japo si kitu kimoja. Huku kwetu nusu ya kesi zao zingekua kwa kadhi na nusu barazani kwa wajomba. Maiti hawajawahi kuona. Wanachojua ni kusoma karatasi mpaka karatasi iseme kweli, na hivo hivo ndo wanavozisoma barua za Julia, kama wosia wenye kasoro.

Wazee mnaokumbuka neno vakili, yule wa mahakama za chini, hapana, huyo hayumo.

Mwandishi alikua wakili kweli au kabuni tu?

Kweli. Alikua barrister hapo hapo Lincoln's Inn, baadae akafanya kazi benki, mambo ya kodi na amana. Jina lake halisi Sarah Cockburn, baba yake Claud Cockburn mwandishi wa habari maarufu. Alivokua Oxford alikua mmoja wa wanafunzi wa kike walopigania waingizwe kwenye ile klabu ya midahalo ya Oxford Union iliyokua ya wanaume tu, kwa hivo haya mambo ya nani ni nani hakuyaokota njiani. Na alikua anavuta kiko. Kafariki 2000.

Kinafanana na Bwana Msa?

Ahsante alouliza. Kwa wadogo: Bwana Msa ni mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi, na Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka 1960, miaka ishirini na moja kabla ya hichi. Vinafanana pahala pamoja, wote wawili wanafumbua kwa kukaa na kufikiri, hakuna kukimbizana wala bastola. Msa nae kiko mdomoni. Ila Msa ana Najum wa kufuatana nae na kumstaajabia, Hilary hana mtu, anajistaajabia mwenyewe. Na Msa anasema kidogo, hawa wa Lincoln's Inn wakianza kubishana nani aende baa kununua chupa nyengine ukurasa unakwisha.

Ukiniambia nichague kimoja nife nacho, Kisima cha Giningi, cha Bwana Msa huyo huyo. Lakini hicho siuzi.

Kiingereza chake kigumu?

Kigumu, sikudanganyi. Sentensi ndefu, Kilatini kinapita pita, na utani wenyewe umevaa suti, mtu anakutukana kwa heshima mpaka unasema ahsante. Anza polepole, sura mbili za mwanzo vumilia, ukifika barua za Julia unateleza. Kamusi weka karibu ila usifungue kila neno, utakosa kucheka. Na wale mnaosoma sheria chuoni, nyie mnakula bure, maneno mnayo tayari.

Mwanangu wa skuli anaweza kusoma?

Fomu siksi, labda, na usome wewe kwanza. Hakuna damu ya kutisha, ila wanakunywa mvinyo kila ukurasa wa tatu na Julia anamtamani kijana wa watu waziwazi, na kuna mahusiano mengine ambayo ukiulizwa mezani na mtoto wa miaka kumi na mbili utajifanya unatafuta chumvi. Mie nimesema.

Nitumie pidiefu basi

Sina, na ningekua nayo nisingetuma. Mwandishi kafariki 2000, na kwa sheria ya Uingereza haki zinabaki miaka 70 baada ya kifo, kwa hivo hesabu mwenyewe. Af we unataka mchanga wa Jambiani kwenye pidiefu utaupata wapi.

Lazima nianze na hichi? Vyengine vipo?

Hichi ndo cha kwanza, anza hapo, sio lazima ila watu unawajua humu. Kinafuata The Shortest Way to Hades 1984, The Sirens Sang of Murder 1989, hicho kilipata tuzo ya Anthony, ya vitabu vya upelelezi, na The Sybil in Her Grave kilotoka 2000 mwenyewe keshafariki. Cha tatu kinachekesha sana, Cantrip, yule mjinga wao wa Cambridge, kapelekwa Jersey mambo ya kukwepa kodi anatuma teleksi ndefu kama mkeka. Kwangu kipo cha kwanza tu. Mwenye vyengine aje tubadilishane, nna riwaya tele na vitabu vya mapishi vya Kijerumani ambavyo hakuna anaevitaka.

Bei? Na mwisho wake?

Elfu kumi na tano. Mwisho wake elfu kumi na tano. Anaesema "lakini kimeshasomwa", kila kitabu kizuri kimeshasomwa, shekh, ulitaka kilichokataliwa? Nikikukopesha uje unisimulie mwisho, naijua hiyo, hapana. Akitaka mwanafunzi kwa kweli aje tuzungumze bila watu.

Niko Pemba, nakipataje?

Napeleka bandarini Malindi hapa Unguja nampa mtu wa boti, Mkoani unakipokea mwenyewe au unamtuma mtu, kwenda Chake au Wete ni gari yako. Nakifunga nailoni mbili mana mara moja kilirushiwa maji ya bahari kitabu cha watu, kikafika kimevimba kama andazi. Pesa ya boti juu yako. Ukipokea fungua mwisho, uangalie ukurasa wa mwisho upo, unitumie picha, usisome tu.

Nikija nimuulizie nani? Kaka au dada? Namba yako haina picha

Njia ya kutoka Darajani sokoni, unaingia na uchochoro wa mafundi cherehani, meza ya vitabu yenye turubai la buluu. Uliza muuza vitabu, kila mtu anapajua. Baada ya laasiri mpaka magharibi, Ijumaa nachelewa.